Namna ya kumchunguza msanii na kuichambua kazi yake, ukiwa Thika au Ruiru

Huenda mwalimu wa Sanaa amekuagiza uchague msanii, umchunguze, kisha uchambue kazi yake moja kwa kurasa tano. Huenda hakuna mwalimu yeyote: umepanga nyumba Kimbo, unafanya kazi Thika, na umechoka kusimama mbele ya picha ukabaki na neno moja tu mdomoni, "nzuri". Mwongozo huu unawafaa nyote wawili. Nitashika mfano mmoja na kwenda nao, kwa sababu kanuni za uchambuzi hazimsaidii mtu mpaka azione zikifanya kazi.

Anza kwa kuchagua kazi, si jina. Wengi hufanya kinyume. Wanaandika Leonardo da Vinci juu ya karatasi, au wakitaka kuonyesha uzalendo wanaandika Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi wa 1972, ambaye sanamu zake nne za bronzi ziliwekwa mwaka 2019 kwenye uso wa jumba la makumbusho la Metropolitan kule New York. Mutu ni msanii mkubwa na sina ugomvi na anayemchagua. Ugomvi wangu ni na simu. Sanamu inayomzidi mtu kimo, ukiitazama kwenye kioo cha simu, inakuwa ndogo kuliko kidole gumba. Huoni mgongo wake, hujui jua la jioni linaipigaje, hujui mtu akipita chini yake anajisikiaje. Mwishowe utaandika yale waliyokwisha kuyaandika waliosimama pale, na mwalimu atayatambua kwenye sentensi ya pili.

Chagua kazi ambayo nauli yako inaifikia. Anayeishi Thika au Ruiru ana bahati kuliko anavyodhani. Akishuka Nairobi ataikuta sanamu ya Dedan Kimathi iliyochongwa na Kevin Oduor na kuzinduliwa 2007, barabarani, bila kiingilio. Atakuta pia mkusanyo wa Joseph Murumbi ndani ya jengo la Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue. Lakini kazi ambayo ningependa uanze nayo iko upande wa pili. Panda matatu ya Murang'a pale Thika, upite mashamba ya mananasi, Kabati, Kenol na Maragua, kama kilomita 45 hivi. Mjini Murang'a ulizia kanisa kuu la Kianglikana la St James and All Martyrs. Ndani yake kuna picha tano kubwa za ukutani alizozichora Elimo Njau kati ya 1956 na 1959: Kuzaliwa kwa Yesu, Ubatizo, Karamu ya Mwisho, Gethsemane na Kusulubiwa. Yesu wa picha hizo ni Mwafrika, na nchi anayotembea ni nchi ya Wakikuyu.

Watu wa Thika hupita karibu na Murang'a kila wiki wakienda mazishi, harusi au ruracio, na wengi hawajawahi kuingia kuziona.

Nenda uone kabla ya kusoma

Hapa nitasema jambo ambalo walimu wengine hawatalipenda. Usisome chochote kuhusu Njau kabla ya kwenda. Haya niliyokwisha kukuambia yanatosha. Ukisoma kwanza, macho yako yatakwenda kutafuta kile ulichoambiwa kipo, yakikipata yatatulia, na hapo ndipo mtu huacha kuona.

Piga simu ofisi ya kanisa siku kadhaa mapema na uende siku ya kazi. Jumapili ni ya ibada, na mtu anayezunguka na daftari wakati wengine wanasali anajiharibia na kuwaharibia watakaomfuata. Eleza wewe ni nani na unafanya nini, kisha uliza kama kupiga picha kunaruhusiwa. Ukikubaliwa, zima flashi. Ukikataliwa, usinung'unike: mchoro wako wa penseli utakufunza zaidi ya picha mia za simu, hata kama huwezi kuchora kitu zaidi ya nyumba na jua. Anayechora analazimika kuamua mkono unaishia wapi, kichwa cha huyu kiko juu au chini ya cha yule, mlima umeanzia usawa wa bega la nani. Hayo ndiyo maamuzi aliyoyafanya msanii, na wewe unayarudia mmoja mmoja.

Katika picha tano, chagua moja. Usijaribu zote. Kaa nayo saa nzima, na dakika 20 za kwanza usiandike maana yoyote, andika vilivyopo tu. Watu ni wangapi? Nani amesimama, nani ameinama, nani amekaa? Nani anamtazama nani, na nani ameachwa bila kutazamwa? Mwanga unatoka upande gani? Anga imepewa nafasi kiasi gani na ardhi kiasi gani? Nyumba imejengwa kwa nini, na nguo za watu ni za enzi gani? Chakula, vyombo, mimea na wanyama vitaje kwa majina yake, tena kwa lugha unayovijua vizuri. Ukikuta mmea ambao shosho yako angeutambua na wewe huutambui, chora jani lake ukamwonyeshe.

Kisha sogea. Nenda ukakae benchi la mwisho kabisa, halafu benchi la kwanza, halafu simama karibu na ukuta mpaka mtu aache kuwa mtu na abaki rangi na alama za brashi. Andika kinachopotea na kinachojitokeza kila unaposogea. Picha ya ukutani haihamishiki kama ile ya fremu. Ilichorwa kwa ajili ya jengo hili, dirisha hili na waumini wanaoitazama wakiwa wamekaa, kwa hiyo mahali ilipo ni sehemu ya kazi yenyewe. Angalia ni picha gani inaonekana kutoka mlangoni, ipi inamkabili anayepokea komunyo, na mwanga wa asubuhi unaanguka wapi. Mambo haya hutayapata kwenye tovuti yoyote, na ndiyo yatakayomfanya msomaji wako ajue kwamba ulifika.

Vifaa unavyo tayari

Kama ulisoma sekondari hapa Kenya, ulifundishwa fani na maudhui hadi ukaota. Usidhani sanaa za kuona zinadai akili nyingine. Picha ina mandhari na wahusika. Ina fani yake: mstari, umbo, rangi, mwanga na kivuli, nafasi, na jinsi vyote hivyo vilivyopangwa. Ina dhamira pia. Tofauti kubwa ni kwamba riwaya inakupa jambo baada ya jambo, ilhali picha inakupa yote kwa mkupuo. Kwa hiyo swali la ploti linageuka kuwa swali la njia ya jicho: jicho langu lilianzia wapi, likavutwa wapi, likakwama wapi? Fuatilia njia hiyo mara tatu. Ukiona kila mara unaanzia mahali pale pale, msanii amekupeleka hapo kwa makusudi. Tafuta alichotumia: pengine rangi nyepesi iliyozungukwa na nzito, pengine mistari ya mikono inayoelekea huko, pengine uso mmoja unaokutazama wakati wengine wote wametazama kando.

Mtego wa waliozoea fasihi ni kukimbilia dhamira. Mwanafunzi anaona Yesu mweusi, anaandika "ukombozi wa Mwafrika", anafunga daftari. Labda ni kweli. Lakini hajaonyesha picha inafikaje huko, na rangi ya ngozi pekee haitoshi. Mtu mweusi anaweza kuchorwa kwa namna inayomdunisha, wakoloni walifanya hivyo sana. Uliza amewekwa wapi katika picha, ana ukubwa gani akilinganishwa na wengine, mwili wake unabeba uzito namna gani, na ardhi iliyo nyuma yake inamkumbatia au inamwacha peke yake.

Malighafi nayo ina mengi ya kusema, na wanaoanza huisahau. Hapa nitaondoka Murang'a kidogo nikupe zoezi la mezani. Rosemary Karuga, aliyezaliwa Meru 1928, alisoma Makerere kati ya 1950 na 1952 akiwa mwanamke wa kwanza katika shule ya sanaa ya pale. Baada ya hapo alifundisha shule za msingi kwa miaka mingi, akarudi kwenye sanaa uzeeni. Rangi zilikuwa ghali, kwa hiyo alitumia karatasi za pakiti za unga na sabuni, magazeti na majarida, akizigandisha vipande vidogo vidogo hadi vikawa wanyama, wanawake na maisha ya kijijini. Kwa kazi hizo alishiriki onyesho Harlem, New York, mwaka 1990, akiwa mwanamke pekee katika onyesho lile la wasanii wa Afrika, na alitengeneza pia picha za riwaya ya Amos Tutuola. Alifariki Ireland 2021.

Sasa chukua pakiti tupu ya unga jikoni. Kata kipande kwa makasi, kisha chana kingine kwa mkono. Kilichokatwa kina ukingo safi. Kilichochanwa kina ukingo mweupe wa nyuzi, mwembamba, unaoizunguka rangi kama uzi wa pindo. Panga vipande 20 vilivyochanwa karibu karibu, utaona mistari hiyo myeupe inaanza kuonekana kama manyoya, au nyasi, au mwanga juu ya kitambaa. Pakiti imekuletea mstari ambao hukuuchora. Zungusha kipande chenye maandishi: herufi ikikatika katikati inaacha kusomeka, inabaki umbo jeusi. Baada ya zoezi hili la dakika kumi, ukiiona kolaji ya Karuga hutaandika tena kwamba alitumia takataka kwa sababu ya umaskini, ukaishia hapo. Umaskini unaeleza kwa nini alianza na pakiti. Hauelezi aliamuaje kipande hiki kikae juu ya kile.

Rudi Murang'a na swali hilo hilo la malighafi. Ukutani kuna rangi, chini ya rangi kuna nini? Muulize msimamizi wa jengo kama kuta zimewahi kukarabatiwa au kusafishwa, na angalia mwenyewe kama kuna nyufa, alama za maji, au sehemu ambayo rangi yake haifanani na jirani yake. Ukuta wenye umri wa zaidi ya miaka 60 hauko kama ulivyoachwa na msanii, na usimlaumu au kumsifu Njau kwa kazi ya mvua.

Sasa mtafute mtu

Umerudi Thika na kurasa za maelezo yako mwenyewe. Sasa soma.

Elimo Njau alizaliwa Marangu, chini ya Kilimanjaro, mwaka 1932. Alisoma Makerere, katika shule ya sanaa iliyoanzishwa na Mwingereza Margaret Trowell. Mwaka 1965 yeye na wenzake walianzisha Paa ya Paa jijini Nairobi, mahali pa wasanii, waandishi na wanamuziki, ambapo baadaye palihamia Ridgeways, kando ya barabara ya Kiambu. Pale Marangu aliacha pia Kibo Art Gallery. Karuga, niliyemtaja, alifanya kazi Paa ya Paa aliporudi kwenye sanaa, na hivyo ndivyo uchunguzi wa msanii mmoja unavyokuvuta hadi kwa mwingine. Acha ukuvute, ila andika pembeni ulipotoka.

Jihadhari na intaneti, si kwa sababu ina uongo mwingi bali kwa sababu ina nakala nyingi. Ukikuta sentensi ile ile kwenye tovuti tatu, hujapata mashahidi watatu. Umepata mmoja na wawili waliomsikia. Tafuta nani aliandika kwanza na alijuaje: alimhoji msanii, alisoma barua, au alinukuu gazeti? Programu za akili unde nazo zitakupa majina ya kazi na miaka kwa ujasiri mkubwa, hata kama kazi hiyo haijawahi kuwepo. Mwaka wowote unaouandika, uwe na mahali pawili tofauti unapoweza kuuonyesha.

Kwa mtu wa Ruiru mlango wa kwanza ni Chuo Kikuu cha Kenyatta, pale Kahawa. Kina idara ya sanaa, na tasnifu za wanafunzi wake wa shahada za juu nyingi unaweza kuzisoma mtandaoni bila malipo. Tasnifu haivutii kama kitabu, lakini mwisho wake ina orodha ya kila alichosoma mwandishi, na orodha hiyo ni zawadi. Mlango wa pili ni Nyaraka za Kitaifa, kwa magazeti ya miaka ya 1950 na 1960. Maktaba ya McMillan, Banda Street, nayo ina magazeti ya zamani. Ilifunguliwa 1931 kwa jina la McMillan, mlowezi mwenye shamba Juja aliyezikwa kwenye mlima Ol Donyo Sabuk, na kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kuingia. Ukiwa humo, kumbuka hilo unaposoma magazeti: waliokuwa wakiandika habari za kanisa la Fort Hall, kama Murang'a ilivyoitwa wakati huo, hawakuwa waumini wake. Tafuta pia nakala za jarida la Transition lililoanzishwa Kampala 1961. Njau alikuwa miongoni mwa waliochangia humo mawazo yao kuhusu sanaa ya Afrika.

Paa ya Paa penyewe unaweza kufika kutoka Ruiru kwa kupitia Kiambu, bila kugusa msongamano wa Thika Road. Piga simu kwanza. Fahamu kwamba moto wa 1997 uliteketeza sehemu kubwa ya picha na vitabu vilivyokuwa hapo. Kwa mchunguzi jambo hili lina uzito: karatasi zikiungua, ukuta wa Murang'a unakuwa ushahidi mkuu wa jinsi Njau alivyochora akiwa kijana wa miaka 20 na kitu.

Wahoji na watu. Hapo kanisani kuna wazee waliobatizwa chini ya picha hizo. Mwite guka au cũcũ kama anavyoitwa na wajukuu wa pale, salimia, uliza habari za nyumbani, na daftari libaki kwenye mfuko mpaka mazungumzo yaanze. Usimuulize "picha hii inaashiria nini?" Atakujibu kama mtihani, au atakuelekeza kwa kasisi. Muulize aliiona lini mara ya kwanza, watu walisema nini siku zile, mtoto wake aliuliza nini alipoitazama. Na kama umri wake unamrudisha hadi miaka ya hali ya hatari, usimuulize familia yake ilikuwa upande gani. Akitaka atasema.

Miaka ambayo rangi ilikuwa mbichi

Swali hilo la upande gani ndilo kiini cha uchambuzi wa picha hizi, na ndiyo sababu nimekutuma Murang'a badala ya mahali pengine.

Serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari Oktoba 1952 na kuiondoa Januari 1960. Kuanzia 1954 Wakikuyu zaidi ya milioni moja waling'olewa kwenye migunda yao na kurundikwa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na kulindwa na kamatimu, yaani Home Guard. Jiwe la msingi la kanisa lile liliwekwa 1955 na Geoffrey Fisher, Askofu Mkuu wa Canterbury. Lilijengwa kama kumbukumbu ya Wakristo wa Kikuyu waliouawa kwa kukataa kula kiapo cha Mau Mau. Njau alianza kuchora mwaka uliofuata, na alimaliza kabla hali ya hatari haijaondolewa.

Soma aya hiyo tena, kisha rudia kumtazama Yesu mweusi wa pale ukutani. Mambo hayako rahisi tena, sivyo? Msomaji mmoja atasema: katika nchi iliyokuwa chini ya mtutu wa Mwingereza, kijana Mwafrika alithubutu kuwaonyesha Waafrika Masihi wa sura yao, akifa juu ya ardhi yao, ardhi ile ile waliyokuwa wakiipigania. Msomaji wa pili atasema: ukuta huo ulitolewa na kanisa lililosimama na serikali, kwa heshima ya watu waliowapinga wapiganaji wa msituni, na Yesu Mkikuyu aliyekubali kuuawa bila kuinua silaha ni somo lililowafaa sana watawala. Wote wawili wana ushahidi. Uchambuzi unaanza hapo. Usitafute katikati yao ili kila mtu afurahi. Rudi kwenye orodha uliyoandika dakika zile 20 na uone picha yenyewe inaegemea wapi. Wanaomsulubisha au kumkamata Yesu wamechorwaje, na ungewatambua kuwa nani? Wanaoomboleza wamevaa nini? Je, kuna sehemu ya picha ambapo ungeweza kusema huyu ni wa upande huu na yule ni wa ule, au mchoraji amekunyima nafasi hiyo kwa makusudi?

Mimi nina maoni yangu. Naona nguvu ya kazi ile iko kwenye nchi zaidi ya kwenye ngozi. Mchoraji aliyetoka Marangu, mgeni kwa Wakikuyu, alipeleka hadithi ya Bethlehemu na Yerusalemu kwenye nchi yao, wakati ambapo mwenye nchi hiyo alikuwa amefungiwa kijijini akiitazama kwa mbali. Mwaka 1959, alipomaliza kuchora, London ilichapisha The Flame Trees of Thika ya Elspeth Huxley, kumbukumbu za utoto wa binti wa walowezi waliokuja kulima karibu na mto Chania. Ni kitabu chenye macho makali, na kimewafundisha watu wengi duniani jina la Thika. Ukikiweka kando ya ukuta wa Murang'a unapata swali zuri la insha: nchi moja, mwaka mmoja, nani amewekwa mbele na nani amekuwa mandhari?

Unaweza kunipinga. Fanya hivyo kwa kutaja sehemu ya picha.

Mpime pia msanii kwa maneno yake mwenyewe. Njau alijulikana kwa msimamo kwamba kuiga ni kumlaza Mungu usingizi, na kauli hiyo hunukuliwa kila anapotajwa. Usiinukuu ukaiacha ikining'inia. Matukio matano ya pale kanisani ni yale yale yaliyochorwa katika makanisa ya Ulaya kwa karne nyingi, kwa hiyo mpango wake ni wa kurithi. Na mafundisho ya kwamba Mwafrika achore kutoka kwenye kumbukumbu na hadithi zake badala ya kunakili Wazungu aliyasikia Makerere, kwa Trowell, Mwingereza. Wito wa kutoiga nao una mwalimu. Hilo halimpunguzi Njau hata kidogo. Linakupa kazi ya kutenganisha alichopokea na alichoongeza, na mahali unapoweza kuonyesha mpaka huo ukutani kwa kidole ndipo penye aya yako bora.

Kuandika

Usianze na "alizaliwa". Anza na picha: uko wapi, unaona nini, nini kinakusumbua. Maisha ya msanii yaingie pale yanapoeleza kitu kilichoko ukutani, na yasiyoeleza kitu yabaki daftarini, hata kama yalikugharimu siku nzima McMillan.

Kila unapoandika neno la sifa, lisimamishe na uliulize ushahidi. "Rangi zake zinavutia na kuonyesha Uafrika" ni sentensi inayoweza kubandikwa kwenye kanga, kalenda au tangazo la benki. Iandike upya hivi: taja rangi, taja ilipo, taja iliyo jirani yake, sema inalifanyia nini jicho, kisha ndipo useme kwa nini hilo lina maana katika kanisa la kumbukumbu. Sentensi itakuwa ndefu, na ni sawa. Ukiona huwezi kuimaliza, ni ishara kwamba hukutazama vya kutosha, na nauli ya Murang'a inabidi itafutwe tena.

Tenganisha ulichokiona, ulichosoma na unachodhani. Kiswahili kina maneno ya kazi hiyo: naona, kwa mujibu wa, nadhani, yumkini. Mchambuzi anayeandika kila kitu kwa sauti moja ya uhakika anamfanya msomaji amshuku hata pale aliposema kweli.

Chini ya kila picha unayoambatisha andika jina la msanii, jina la kazi, miaka iliyochorwa, mahali ilipo, na nani aliipiga hiyo picha ya simu. Watu waliokusaidia watajwe kwa ruhusa yao. Ukishamaliza, chapisha nakala mbili zaidi pale saiba: moja ipeleke kwa aliyekufungulia mlango wa kanisa, nyingine Paa ya Paa. Weka nambari yako ya simu kwenye ukurasa wa mwisho, kwa sababu kuna mzee atakayeisoma yote, agundue umekosea mwaka mmoja, na akupigie usiku huo huo.